Siku moja maishani mwangu: nyuma ya meza ya faundesheni, Kariakoo

Saa 11 alfajiri ninakuwa nimeshaamka, saa 12 na nusu nimo ndani ya mwendokasi kutoka Kimara nikiwa nimesimama kama wengine, na kabla ya saa 2 nimefika dukani Kariakoo, nimefuta kioo, nimeosha sponji za jana na kupanga chupa kwa mpangilio wa rangi. Sehemu hiyo ya siku haina la kusimulia zaidi ya hapo. Huu ni mwaka wangu wa saba kuuza vipodozi, na kwa miaka minne sasa nimewekwa kwenye meza ya faundesheni, kipodozi cha rangi ya ngozi kinachopakwa uso mzima, na konsila, ya kufichia alama na weusi wa chini ya macho. Mjomba wangu akiulizwa nafanya kazi gani hujibu kuwa nauza wanja. Wanja siuzi.

Kazi yangu ni kuitambua rangi ya mtu. Kiswahili kimetupa maneno mazuri ya rangi za watu, maji ya kunde na mweusi tii yakiwamo, lakini wanawake watatu walio maji ya kunde wanaweza kusimama mbele yangu na kila mmoja akahitaji chupa yake, kwa sababu chini ya rangi inayoonekana kuna nyingine inayojitokeza kwa ndani: mmoja ana umanjano, wa pili ana wekundu, na wa tatu ana kijani kidogo kama cha zeituni. Faundesheni iliyopatia kiwango cha weusi lakini ikakosea hiyo rangi ya ndani humfanya mtu aonekane amepauka, au amepakwa udongo wa kichuguu.

Wateja wa asubuhi hawasumbui. Wengi ni wapambaji wenye saluni zao ambao hutaja shedi, yaani rangi ya chupa wanayotaka, hulipa na kuondoka. Aliyenichukulia muda ni binti aliyekuja na ujumbe wa dada yake aliyeko Muscat, umeandikwa NC45, akitaka nimpe namba hiyo hiyo katika chupa za kampuni nyingine. Nilimweleza kwamba namba hiyo ni ya kampuni ya MAC, na kwamba kila kiwanda hujipangia namba zake, hivyo 45 ya huku si lazima iwe 45 ya kule. Hata hizo herufi zinawachanganya wapambaji wazoefu, kwa kuwa NC hutumika kwa ngozi yenye umanjano na NW kwa yenye wekundu, ilhali C ni ya ubaridi na W ni ya ujoto, kinyume cha wanavyotarajia wao, wanaouita umanjano ujoto na wekundu ubaridi. Tuliacha namba, tukatazama uso wake, na baada ya dakika kumi aliondoka ameridhika.

Saa 6 na nusu niliagiza wali maharage. Sahani ilikuwa bado imefunikwa alipoingia mama mmoja mwenye khanga begani, akimshika mkono binti ambaye sendofu yake ilikuwa jioni hiyo hiyo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akajitambulisha kuwa ni shangazi wa bibi harusi, na tangu hapo akawa anajibu kila swali nililomwuliza binti.

"Tupe ile inayong'arisha, mwanangu. Bibi harusi hawezi kutoka mweusi siku yake."

Binti alikuwa na weusi unaovutia, wenye wekundu kwa ndani na mng'ao kama wa mbegu ya ukwaju. Shangazi tayari alikuwa ameichagua chupa, akaijaribu nyuma ya kiganja cha binti chini ya taa nyeupe za dukani, akaridhika. Hayo ni makosa mawili kwa mpigo: nyuma ya kiganja mara nyingi hapafanani na usoni, na taa zile humbadilisha mtu rangi. Kwa kijiti cha pamba nilimpaka binti mistari mitatu kwenye taya kushuka shingoni, wa kwanza ukiwa ule wa shangazi, nikawatoa nje hadi barazani kwenye mwanga wa mchana, tukasimama na kioo huku wasukuma mikokoteni wakitupigia kelele tuwapishe.

Kisha nikawaomba tusubiri dakika kumi na tano. Faundesheni ikishakutana na mafuta ya ngozi na hewa hubadilika, mara nyingi ikawa nyeusi zaidi, na anayenunua kwa rangi ya dakika ya kwanza hujuta akifika ukumbini. Shangazi alisema hawakuja kusubiri chai ichemke. Nilibembeleza, akakubali kwa kuangalia saa kila mara.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa kijivu, kama ngozi iliyoamka bila mafuta. Shedi nyepesi huwa na rangi nyeupe ya titaniamu kwa wingi, na weupe huo ukikaa juu ya ngozi nyeusi haung'arishi chochote, unapausha. Wa pili uligeuka machungwa. Wa tatu haukuonekana kabisa; ilinibidi nimgeuze binti kwenye mwanga ndipo nikaona ulipoanzia.

"Hii ya tatu mbona haijafanya kitu?" aliuliza shangazi.

Swali hilo huulizwa kila siku, nami sijapata jibu fupi la kuliwahi. Faundesheni iliyopatia haionekani, na mtu aliyekuja kulipa Sh 18,000 anataka kuiona hela yake. Tulirudi ndani tukabishana kuhusu konsila, kwani aliitaka nyepesi kwa hatua tatu chini ya macho ya binti. Nilimweleza kuwa weusi wa chini ya macho hutulizwa kwanza na rangi ya machungwa, halafu ndipo konsila iliyo nyepesi kuliko uso kwa hatua moja tu. Na ile ya kufunika alama za chunusi hulingana na faundesheni, la sivyo kila alama hugeuka doa jeupe. Hakusadiki. Nikampaka binti nusu ya uso kwa chupa ya shangazi na kupiga picha kwa mwanga wa simu. Uso ulitoka mweupe, masikio na shingo vimebaki vya mwenyewe.

"Simu yako ndiyo mbovu," alisema.

Hapo ndipo binti alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza: "Shangazi, ile ya tatu ndiyo mimi." Nami ikanibidi niseme nilichokuwa nakiogopa, kwamba ya tatu imekwisha na iliyobaki ni ya kujaribia tu. Sitayaandika aliyonijibu shangazi. Kijana wetu wa stoo alizunguka maduka manne na kuipata la tano, kwa bei iliyonimaliza faida yote. Shangazi alilipa, akaongeza na ile nyepesi, "ya akiba". Ipi ilipakwa jioni ile, sijui. Ilikuwa karibu saa 9 na wali umeganda.

Alasiri iliyobaki naikumbuka vipande vipande. Alikuja mama ambaye mkorogo ulikuwa umemwacha na uso wa rangi moja na shingo ya nyingine, na vifundo vya vidole vya asili yake. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini sikumhoji, nikafuata rangi ya shingo ili uso uungane nayo. Miguu ilikuwa inawaka moto. Mchana kutwa walikuja watu sita kutaka shedi nyeusi kabisa, zile za mwisho wa rafu, na wote sita waliondoka mikono mitupu.

Hilo linanikera kuliko shangazi. Tangu Rihanna alipoizindua Fenty Beauty mwaka 2017 kwa shedi 40, viwanda vingi vimeongeza shedi za ngozi nyeusi, lakini kutengenezwa kiwandani ni jambo moja na kufika kwenye rafu yetu ni jingine. Mwenye duka huagiza kwa kuangalia kilichouzwa, na kitu kisichokuwepo hakiwezi kuuzwa, basi kila mzigo huja na nyepesi tele na nyeusi tatu. Kwa hiyo nina daftari la waliokosa, napiga mstari kwa kila mmoja. Jioni nilimwonyesha mistari ya mwezi mzima; akaihesabu kwa kidole, akasema tutaona.

Nikiwa ndani ya basi la kurudi Kimara, mama aliyekaa karibu nami aliutazama mkono wangu, ambao huwa nauchora shedi ninazowaonyesha wateja, akaniuliza kama nimeungua. Nilipomweleza, aligusa mstari ulio karibu na kiwiko, akasema huo ungemfaa yeye. Nikamwambia kwa taa ya basi siwezi kusema. Aje kesho kabla ya saa 6, nimtoe barazani.