Siku Moja Maishani Mwangu: Mimi, Pikapu ya 1993 na Neno "Kidogo Tu"

Saa 11:20 alfajiri

Kabla sijashika ufunguo nainama kuangalia chini ya gari. Pikapu yangu ni ndogo, ya kabini moja, imetoka kiwandani mwaka 1993, na gari la umri huo hukuachia taarifa sakafuni kila usiku. Doa jeusi ni oili ya injini. La kijani ni maji ya rejeta. Likiwa karibu na tairi, halina rangi na linateleza vidoleni, hiyo ni oili ya breki na siku ya kazi imekwisha kabla haijaanza. Leo nimekuta doa moja jeusi, saizi ya kifuniko cha chupa, pale pale pa siku zote. Ni gasketi ya kava ya valvu, ile raba inayoziba mfuniko wa juu wa injini. Tunajuana.

Navuta choki nusu, kile kivutio cha kuongezea injini baridi petroli. Ukiivuta yote kabureta inamwaga petroli, plagi zinalowa, unabaki unapiga stata mpaka betri inachoka. Imewaka mara ya pili. Naiacha ingurume taratibu huku nikirudisha choki kidogo kidogo.

Saa 12:30 asubuhi

Kazi ya kwanza ni kuhamisha nyumba: friji, kitanda, makochi mawili, magodoro. Utingo wangu anataka kupakia friji mwisho ili ishuke kwanza. Namkatalia kila mara na kila mara anajaribu tena. Kizito kinakaa mbele, mgongo ukiegemea kabini. Ukikiweka nyuma ya ekseli, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi kama unaendesha mtumbwi, na tairi za mbele zinasahau kazi. Turubai, kamba, tukaondoka. Hapakuwa na la kusimulia, na hizo ndizo safari ninazozipenda.

Saa 3:10 asubuhi

Mchanga.

Mwenye mzigo ni mzee mpole, anazungumza kwa heshima, na watu wa aina hiyo ndio wamenivunjia springi nyingi kuliko wakorofi. Vijana wake wakachota, wakachota. Bodi ilipokaribia nusu nikawaambia basi.

"Kijana, mbona bado kuna nafasi? Ongeza kidogo tu."

Nafasi ipo, mzee, nikamwambia, ila tatizo si nafasi. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa karibu tani moja na nusu, na ukilowa unazidi hapo. Bodi yangu nikiijaza mpaka ukingoni inakaribia tani mbili. Kibati cha gari kinasema tani moja, na ndani ya tani hiyo nimo mimi, yumo utingo, limo na sanduku la spana. Akasema pikapu zote tangu zamani ni za tani, akataja Hilux. Ni kweli, Hilux ya kwanza ya mwaka 1968 ilikuja na injini ya lita 1.5 tu na ilibeba tani moja. Lakini tani moja ya 1968 ni kilo 1,000, na ya leo ni kilo hizo hizo.

Sina mzani, ila nina ngumi. Juu ya ekseli ya nyuma kuna raba iliyofungwa kwenye chasisi, inayozuia chuma kisigonge chuma. Ngumi yangu ikipita kati ya raba na ekseli, naendelea kupakia. Vikipita vidole vinne tu, nafunga mlango wa nyuma. Leo vilipita vinne. Nikamwita mzee achungulie mwenyewe. Aliinama, akatazama springi zilivyonyooka, akanyamaza, kisha akasema tutapiga safari mbili.

Ugumu wa kumiliki pikapu ndogo ya zamani ni huu hasa. Injini utaizoea. Kusema hapana kwa mtu anayekuita mwanangu hukuzoei.

Saa 6 mchana

Narudi mtupu, na mvua imepita. Watu wanaogopa gari likiwa na mzigo. Mimi naliogopa likiwa tupu. Springi za nyuma zimetengenezwa kwa tani moja, kwa hiyo bila mzigo zinakuwa ngumu na makalio ya gari yanarukaruka kwenye kila shimo. Breki nayo ina mambo yake. Juu ya ekseli kuna valvu ndogo yenye mkono wa chuma: mzigo ukishusha bodi, mkono unainuka na breki za nyuma zinaongezewa nguvu, gari likiwa tupu, zinapunguziwa. Wangu uliwahi kushikwa na kutu ukiwa umeinuka. Nilikanyaga breki kwenye lami iliyolowa, tairi za nyuma zikafunga, nikajikuta natazama nilikotoka. Siku hizi naupaka grisi kila mwezi.

Saa 7:40 mchana

Foleni. Mshale wa joto unapanda. Nazima redio, kana kwamba redio ndiyo inayochemsha.

Foleni ikasogea, upepo ukaingia, mshale ukashuka. Tukasimama, ukapanda tena. Hapo nikajua pa kuanzia: gari likichemka ukisimama na kupoa ukienda, mtuhumiwa wa kwanza ni upepo. Likichemka ukiwa mwendoni, shuku maji na rejeta. Nikafungua hita mpaka mwisho, maana hita nayo ni rejeta ndogo inayochota joto la injini na kulimwaga kabini. Utingo akanitazama kama nimechanganyikiwa. Tulilowa jasho lakini mshale ulisimama, tukapata pa kuegesha.

Mfuniko wa rejeta sikuugusa. Unashikilia presha, na maji yaliyo chini yake yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua yanachemka usoni mwako. Nikaweka ufunguo mfukoni, nikaipiga feni kwa kidole. Ikazunguka raundi tatu kama ya mtoto ya karatasi. Injini ikiwa ya moto, feni ya gari hili inatakiwa iwe nzito mkononi, kwa sababu katikati yake kuna klachi yenye mafuta mazito yanayoishika. Mafuta yamevuja. Klachi imekufa.

Safari ya pili ya mzee imeahirishwa. Nimempigia mwenyewe.

Saa 10 jioni

Fundi alikuwa na klachi ya feni iliyotumika, akanisihi niichukue. Mlango uliotumika nachukua, taa nachukua, hata kiti. Kitu ambacho uchakavu wake umejificha ndani sikichukui. Tukafunga mpya: nati nne, spana namba 10, na nusu saa ya kupambana na kava ya plastiki inayozunguka feni.

Jirani wa pale gereji akauliza kwa nini nisinunue pikapu mpya. Ningependa. Ila pikapu za sasa zimekua. Kufikia mzigo katikati ya bodi lazima upande. Hii nasimama ubavuni na mkono unafika.

Saa 12:15 jioni

Kabla ya kuliosha nalala chini na nyundo ndogo. Chasisi za magari haya huoza kwa ndani, hasa panapofungwa springi za nyuma, maana tope linaingia kwenye uwazi wa chuma na halitoki. Rangi ya nje haisemi kitu. Nagonga: ngo, ngo, ngo. Chuma kizima kinaitika.

Nyuma ya tairi la kushoto, karibu na alama ya chaki niliyochora mwaka jana, hakikuitika. Kilisema tuf. Nikagonga tena pembeni, sentimita mbili mbele. Tuf.

Nimechora duara jipya. La zamani limo ndani yake.