Sketi nyekundu ya mke mkubwa

Ukimtajia mtu nguo ya mwanamke wa Kichina, haraka anachora kichwani picha ya gauni la kubana, kola ya kusimama na mpasuo hadi pajani. Gauni hilo, qipao, ni la juzijuzi. Lilishika kasi Shanghai miaka ya 1920, na mwaka 1929 serikali ya Jamhuri ikaliingiza katika mavazi rasmi. Kwa karne nyingi kabla ya hapo nguo ya mwanamke wa Kichina haikuonesha kiuno wala nyonga. Ilionesha yeye ni mke wa nani, na katika nyumba hiyo ana nafasi gani.

Sisi wa Visiwani hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo ni cheo. Kabla ya utumwa kufutwa Unguja mwaka 1897, mjakazi alijulikana tangu mbali: merikani au kaniki iliyofungwa kwapani, kichwa wazi, miguu mitupu. Bibi wa nyumba kubwa alikuwa na barakoa usoni, suruali, na mitawanda ya mti. Utumwa ulipofutwa, wajakazi wale wale ndio walioichangamkia kanga na baadaye buibui, maana kujifunika hakukuwa haki yao. Lakini la Uchina lina mambo yake, na kubwa ni kuwa kwao daraja la nguo liliandikwa sheria, rangi kwa rangi.

Mwaka 1372, utawala wa Ming ukiwa bado mchanga, wanawake wa raia wa kawaida walikatazwa nyekundu iliyokoza, buluu nzito inayokaribia nyeusi, na manjano. Wakaachiwa zambarau, kijani, waridi na rangi za kupauka. Dhahabu kwenye darizi nayo marufuku. Mwaka 1381 ikaja sheria ya vitambaa: mkulima ana ruhusa ya hariri nyepesi, mfanyabiashara abaki na hariri ya chini na kitambaa cha kawaida, na nyumba ya mkulima ikiwa na mtu mmoja tu anayefanya biashara, wote wanaipoteza ruhusa. Yaani aliyekatazwa ni yule yule mwenye fedha za kununua. Haikudumu, na isingeweza. Kufika karne ya 16 wake za wafanyabiashara wa miji ya kusini ya mto Yangzi walivaa walichotaka, na wasomi wakabaki kulalamika.

Wamanchu, watu wa kaskazini mashariki ambao utawala wao uliitwa Qing, walipoishika nchi mwaka 1644, mwaka uliofuata waliwalazimisha wanaume wa Kihan, yaani Wachina walio wengi, kunyoa mbele na kusuka mkia nyuma, na aliyekataa aliuawa. Wanawake hawakuguswa. Kwa hiyo mitindo miwili ikaishi sambamba hadi ufalme ulipoanguka: mwanamke wa Kimanchu na kanzu moja ndefu, mwanamke wa Kihan na koti pana juu ya sketi, na suruali ndani yake. Koti lilifungwa upande wa kulia kwa vifungo vya kitanzi. Kufungia kushoto ilikuwa alama ya maiti au ya mtu wa mbali asiyestaarabika, na hilo ndilo kosa la kwanza kulitazama kwenye nguo "ya Kichina" iliyoshonwa na mtu asiyejua.

Mikono ya koti hilo ina siri ndogo. Utepe wa darizi uliowekwa mdomoni mwa mkono haukudariziwa sawasawa kote: ua zito liko nusu ya nyuma, nusu ya mbele mara nyingi ni tupu. Si uvivu wa fundi. Mwanamke wa heshima alisimama mikono ameikutanisha mbele ya tumbo, na katika mkao huo sehemu inayoonekana ni ile ya nyuma.

Sasa sketi. Siku za sherehe, mke wa ndoa alivaa nyekundu. Suria hakuruhusiwa, yeye alikuwa na waridi, kijani, au rangi nyingine yoyote ila hiyo. Mjane naye aliiweka kando. Mgeni akiingia ukumbini siku ya mwaka mpya hakuwa na haja ya kutambulishwa nani ni nani. Na suria wa Kichina alikuwa na jambo ambalo msomaji wa Unguja ataliona zito: mtoto aliyemzaa, kwa kanuni ya nyumba, mama yake ni mke mkubwa. Hapa kwetu Salme binti Said alizaliwa na suria wa Kicherkesi, Jilfidan, na hakuna aliyempa mama mwingine.

Ukitaka kuishona sketi hiyo, inayoitwa mamianqun, usianze na kiolezo cha sketi ya marinda ya shule. Hii ni mapande mawili yasiyoshonwa pamoja, yaliyokutana kwenye ukanda mmoja wa kiuno. Kila pande lina sehemu tatu: bapa, marinda, bapa. Bapa la pande moja linalala juu ya bapa la mwenzake nyuma, na ukijizungushia, bapa la mwisho linalala juu ya la kwanza mbele. Hivyo mbele na nyuma ni tambarare kwa ajili ya darizi, na marinda yako ubavuni.

Hesabu kwa kiuno cha sentimita 76: bapa liwe 24. Mbele na nyuma ni 48, zinabaki 28, yaani 14 kila ubavu. Weka marinda 14, kila moja lionekane sentimita moja na limeze tano, kwa hiyo marinda ya ubavu mmoja yanakula sentimita 84. Pande moja kabla ya kukunja ni 24 na 84 na 24, jumla 132. Ongeza 4 za mishono. Mapande mawili ni 272, basi chukua mita 2.8 za kitambaa cha upana wa 115, ukikate ili urefu wa sketi uende kwenye upana wa kitambaa. Ukanda uwe 100, yaani kiuno pamoja na bapa moja la kupandana, na ncha za kufungia vitango. Marinda saba yaelekee nyuma, saba mbele, yakutane katikati ya ubavu. Yakielekea upande mmoja yote, sketi inajizungusha mwilini ukitembea.

Yanayoharibika ni matatu. La kwanza, watu hushona mapande pamoja ubavuni au kwenye mabapa. Ukifanya hivyo hatua haipiti, maana ule upenyo wa kupandana ndio unaofungua. La pili, marinda hupigwa pasi bila kupigwa bandi. Mafundi wa karne ya 19 walikuwa na mtindo wa kushika kila rinda na jirani yake kwa uzi mwembamba, sehemu kwa sehemu, mwanamke akitembea yanafunguka kwa umbo la magamba ya samaki na kurudi. La tatu ni ukanda. Wengi hukata ukanda wa hariri ili ufanane na sketi. Za zamani zilikuwa na ukanda wa pamba au katani, mara nyingi mweupe, wenye upana wa kiganja. Hariri juu ya hariri huteleza, pamba hushika. Na kwa kuwa koti linafunika kiuno, hakuna anayeuona.

Mke wa afisa alikuwa na alama nyingine, kifuani. Tangu mwaka 1391 maafisa walivaa kipande cha mraba chenye darizi, upande wake yapata sentimita 30: ndege kwa wa kiraia, mnyama kwa wa kijeshi. Daraja la kwanza la kiraia ni korongo, la tatu ni tausi, la nane, enzi ya Qing, ni kwale. Mke alivaa alama ya daraja la mumewe, sio yake, kwa sababu yeye cheo chake ni hicho. Ndege wake aligeuzwa upande wa pili, ili wakikaa pamoja ndege hao watazamane. Mafundi wa mwisho wa enzi ya Qing walimtengeneza ndege peke yake na kumbandika kwa uzi juu ya mawingu yaliyokwisha kudariziwa. Bwana akipanda cheo, anang'olewa ndege, mraba unabaki. Kazi nzuri zaidi ya aina hii ilitoka Suzhou, mkoa wa Jiangsu, huko huko wanakotoka madaktari wa Kichina wanaokuja hospitali za Mnazi Mmoja na Mkoani tangu mwaka 1964.

Mwanamke hakuweza kufanya mtihani wa serikali, lakini mwanawe akifaulu na kupata kazi, mama alipewa cheo na nguo zake. Njia ya pili ya kupanda ilikuwa ya siku moja: bi harusi, hata wa kijijini, aliruhusiwa kuvaa taji na joho la mke wa afisa. Kabla ya kuvikwa alitolewa malaika, vile vinyweleo laini vya usoni, kwa nyuzi za pamba zilizosokotwa na kuvutwa, uso umepakwa poda kwanza ili uzi ushike. Aliyeifanya kazi hiyo alichaguliwa: awe na mume hai na watoto wa kiume. Mwali wetu hatindi nyusi mpaka aolewe, kwa hiyo hili nadhani halina mgeni.

Ikulu ya Wamanchu ilikwenda na manjano. Malkia manjano inayong'aa, masuria wakubwa wanaofuata manjano ya dhahabu, wa chini yao manjano ya kahawia. Mwanamke wa Kimanchu alitoboa matundu matatu kila sikio na kuvaa hereni tatu. Mhan alivaa moja. Ukitazama picha ya zamani, hesabu hereni kwanza.

Kisha tazama miguu, na hapa lazima tukae kidogo. Wamanchu waliwakataza wanawake wao kufunga miguu. Wakavaa viatu vyenye kisigino kirefu cha mti katikati ya wayo. Wahan wengi walifunga, isipokuwa jamii kama Wahakka, ambao wanawake wao walilima na kubeba mizigo. Ushahidi wa zamani tulionao ni kaburi la Fuzhou la Huang Sheng, aliyezikwa mwaka 1243 akiwa na umri wa miaka 16 hivi, miguu imezungushiwa vitambaa. Wakati huo mguu ulibanwa kuwa mwembamba tu. Kuukunja kulikuja baadaye.

Kazi ilianza mtoto akiwa na miaka mitano hadi saba, mara nyingi majira ya baridi, miguu ikiwa na ganzi. Miguu iliroweshwa maji ya moto, kucha zikakatwa hadi chini kabisa, shabu ikanyunyizwa baina ya vidole kuzuia unyevu. Kitambaa cha pamba, urefu yapata mita tatu na upana sentimita tano, kilianzia upande wa ndani wa wayo, kikavuka juu ya vidole vinne vidogo na kuvikunja chini, kidole gumba kikaachwa. Kisha kikazunguka kisigino na kuvuta mbele na nyuma vikaribiane. Ncha ilishonwa ili mtoto asifungue. Halafu alitembezwa, kwa sababu uzito wa mwili ndio uliovunja upinde wa mguu. Kila baada ya siku kadhaa kitambaa kilifunguliwa, mguu ukaoshwa, ukakazwa zaidi, na kiatu kikapunguzwa. Miaka miwili hivi.

Kilichoharibika kilikuwa kingi: kucha kuzama nyamani, usaha, kidole kuoza na kudondoka, na wengine kufa kwa sumu ya kidonda. Aliyepona alibaki na shavu la mguu jembamba lisilo na misuli na hatua fupi, na uzeeni alianguka kwa urahisi. Kipimo cha kusifiwa kilikuwa sentimita 10. Wengi hawakukifika.

Huwa inasemwa kwamba yote yalikuwa kwa ajili ya urembo. Urembo ulikuwamo, lakini mama aliyekaza kitambaa alikuwa na hesabu ya ndoa. Wazazi wa mume waliuliza habari za mguu, na kiatu alichokishona binti kilipimwa kwa urefu na kwa mshono: kinaonesha kama anavumilia na kama anajua sindano. Na binti asiyeweza kukimbia alikaa akasokota nyuzi na kufuma. Ndiyo maana amri hazikufua dafu. Mfalme Kangxi alipiga marufuku mwaka 1664, akaifuta amri mwaka 1668. Kilichofanya kazi mwishoni mwa karne ya 19 ni vyama ambavyo baba aliapa mambo mawili kwa pamoja: binti yangu hatafungwa miguu, na mwanangu hataoa aliyefungwa. Posa ilipohakikishwa, sababu ya mama ikaondoka. Marufuku ya Jamhuri ya mwaka 1912 ilikuta njia imekwisha kulimwa, ingawa vijijini iliendelea kwa miaka.

Limebaki vazi la msiba, ambalo nadhani linasema wazi kuliko yote. Lilikuwa la katani isiyotiwa rangi, lenye madaraja matano, na daraja la juu kabisa halikupindwa: ukingo unaachwa ulivyokatwa, nyuzi zinaning'inia. Mke alimvalia mumewe hilo, kwa msiba ulioitwa wa miaka mitatu. Mume alimvalia mkewe lililopindwa, mwaka mmoja. Eda yetu ni miezi minne na siku kumi, na mume hana eda, basi tofauti ya mume na mke si ngeni kwetu. Kigeni ni cha binti: akishaolewa, msiba wa baba yake mzazi ulishuka kutoka miaka mitatu hadi mwaka mmoja, kutoka ukingo usiopindwa hadi uliopindwa, kwa sababu sasa ni mtu wa nyumba nyingine. Kwa mama, hata mwana wa kiume alivaa lililopindwa hadi mwaka 1374, alipofariki suria mpenzi wa Hongwu, mfalme wa kwanza wa Ming. Mfalme akaamuru mama avaliwe sawa na baba, ukingo bila kupindwa, na mtoto wa suria amvalie hivyo hivyo mama aliyemzaa.