Pula iliyomrukia mpwa wangu, na niliyoitengeneza baada yake

Mpwa wangu ana kovu chini ya jicho la kushoto, refu kama kucha ya kidole gumba. Alilipata gerejini kwangu, Magomeni hapa Mtwara, siku tuliyokuwa tunang'oa puli, yaani gurudumu la mkanda, kwenye shafti ya mashine ya kusaga iliyoletwa kutoka Nanguruwe. Puli ya chuma cha kusubu, imekaa pale miaka na miaka, unga wa muhogo na kutu vimeshikana hadi huoni puli inaishia wapi na shafti inaanzia wapi. Tukafunga pula, kifaa cha kung'olea puli: meno yake huishika puli kwa nyuma, na boliti ya katikati husukuma shafti. Nikakaza, ikagoma. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikakaza tena. Ikalia paa! Jino moja la pula likaruka. Yeye alikuwa ameinama kwa mbele, anatazama kama puli imesogea.

Pula ile niliitengeneza kwa mikono yangu. Dada yangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kaka, hicho chuma kilikuwa cha nini?" Nikamwambia cha springi ya gari. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni dhamana ya mjomba, na swali lile lilininyima usingizi siku kadhaa.

Nilianza kwa kukiokota kile kipande. Kilikuwa kimekatika kando ya mshono wa welding, wala si kwenye mshono wenyewe. Pale kilipokatika palikuwa na punje zinazometameta kama chumvi, na hakikujikunja hata kidogo. Springi ya gari ni chuma chenye kaboni nyingi. Ukikichomelea kisha kikapoa haraka, ule ukanda uliopata moto pembeni mwa mshono unakuwa mgumu na mkavu kama kioo. Mafundi wengi tunaipenda springi kwa sababu ni ngumu na ipo kwenye kila lori lililokufa. Ugumu huo ndio unaotudanganya. Chuma laini kikizidiwa kinapinda kwanza, unakiona, unaacha. Springi iliyochomelewa haiagi.

Baadaye nikakaa na daftari. Boliti ya milimita 20, mpini wa sentimita 30, mtu anasukuma kwa nguvu ya kilo 30: ncha ya boliti inasukuma shafti kwa zaidi ya tani 2. Chomeka bomba mpini ufike mita 1, mkono uleule unazalisha zaidi ya tani 7. Nilipoiona hesabu ile mwili ulinisisimka, maana bomba lile nimelitumia nusu ya maisha yangu ya ufundi. Nguvu yote hiyo imelala ndani ya vyuma vilivyovutwa kama upinde, na uso wa mtu uko hatua moja tu.

Hapo nikaacha kutafuta pula yenye nguvu zaidi. Nikaanza kujiuliza: ikishindwa, ishindwe vipi?

Meno nikayafanya matatu, yamepangwa kwa nafasi sawa. Pula ya meno mawili huyumba. Puli ikikaza upande mmoja, boliti inalala na jino la upande wa pili linachomoka. Kila jino nimelikata zima kutoka bamba la chuma laini, unene milimita 12, upana milimita 30, bila welding popote. Kona ya ndani, pale jino linapojikunja kushika puli, nimeipiga tupa mpaka ikawa duara, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali.

Shida nyingine ni kwamba ukikaza, meno hutanuka kwenda nje na kuteleza. Nimeyazungushia pete ya chuma yenye boliti ndogo tatu, kila moja inalibana jino lake kuelekea ndani.

Boliti kubwa nilimpelekea mkerezaji aitoe kwenye fimbo ya milimita 40, abakize kichwa kinene chenye tundu la mpini. Mpini wenyewe ni fimbo ya chuma laini ya milimita 16, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mkono wa mtu peke yake hauudhuru. Ukiuvika bomba, unapinda. Kwenye ncha ya boliti tumezamisha gololi ya beringi kuukuu, inakaa kwenye kile kishimo cha katikati ya shafti kilichoachwa na mashine ya kukereza. Gololi na uzi wa boliti vinapakwa grisi kila mara, kwa sababu boliti kavu inakula nguvu yako yote kwa msuguano, na ndipo mtu anapokimbilia bomba.

Kabla ya kumruhusu mpwa wangu aiguse, niliijaribu kwenye puli mbovu niliyoichomelea kwenye shafti makusudi, ili isitoke kamwe. Nikaifunika kwa turubai la lori lililokunjwa mara tatu, nikasimama ubavuni, nikatia bomba. Mpini ukajikunja taratibu kama mkono unaokunja ngumi. Pula haikutoka mahali pake. Nilitia bomba mara tatu kwa mipini mitatu, na mara zote ilikuwa hivyo.

Kisha tukarudi kwenye ile ya Nanguruwe. Tulisafisha unga wote kwanza, maana vumbi la unga hushika moto. Tukamwagia dizeli, tukaiacha ilale. Asubuhi tukapasha kitovu cha puli kwa gesi. Shimo la milimita 50 likiongezewa joto la nyuzi 100 hupanuka kama milimita 0.06, kiasi cha unywele, lakini kutu huachia kwa kiasi hicho. Moto ukazimwa ndipo turubai likafungwa. Meno tukayashikiza kwenye kitovu, kwani chuma cha kusubu ukikivuta kwa ukingoni kinamegeka. Mnyororo nikaufunga kutoka kwenye pula hadi kwenye fremu ya mashine. Na nyundo nikaiweka mbali: pula iliyokazwa haigongwi.

"Mjomba, leo nikaze mimi," akasema.

"Kaza, mwanangu. Lakini kaa ubavuni."

Alikaza robo mzunguko, akasubiri, akakaza tena. Alirudia hivyo mara nne au tano. Ikalia tak, puli ikasogea nusu sentimita, pula ikalegea na kuning'inia kwenye mnyororo.

Kilichobaki ni beringi za mota ndogo za pampu. Jino la milimita 12 halipiti nyuma yake, na ukishika pete ya nje unaiharibu beringi, kwa hiyo lazima uvute pete ya ndani. Sasa tunakata bamba lililogawanyika mara mbili, lenye ukingo mwembamba unaopenya nyuma ya beringi, linabanwa kwa boliti mbili. Mpwa wangu ndiye anayechora vipimo kwenye maboksi ya katoni, na la kwanza tayari tumelitupa kwa sababu ukingo ulikuwa mnene mno.