Kipimajoto nilichokisingizia mara mbili

Mwani ulinifikia Bukavu umekauka kama kamba kuukuu, ndani ya mfuko wa yaya aliyetoka Zanzibar. Nilitaka kupima jeli ya mwani huganda na kuyeyuka kwenye joto gani. Nilikuwa nimemwagiza mwani aina ya kotoni, kwa sababu ndiyo yenye karajenani aina ya kapa: polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, inayoganda ikipoa pamoja na potasiamu, na kuyeyuka tena ikipata moto. Akaniletea aina nyingine, spinosamu. Sikumlaumu, maana wakulima wa kule wanapanda zaidi hiyo. Kotoni haivumilii bahari ikipata joto. Jeli ya spinosamu ililegea kama uji wa mgonjwa. Nikangoja miezi minne kupata kotoni.

Niliuosha mwani mpaka chumvi ikaisha, nikauchemsha saa mbili juu ya mbabula, nikauchuja ungali wa moto. Ukizubaa unagandia kitambaani. Potasiamu niliitoa kwenye majivu ya maganda ya ndizi, yaliyolowekwa usiku kucha. Ubaya wa majivu ni kwamba kila mara nguvu yake ni nyingine, kwa hiyo nilijaza bido moja ya njano na kutumia hiyo tu mpaka mwisho. Uzuri wake ni kwamba yana magadi, na karajenani ikiwa moto huharibiwa na uchachu. Ndimu niliwahi kuijaribu. Nikabaki na maji matupu.

Sasa kipimajoto. Katika maji yanayotokota kilisoma 95, nikakiita kibovu. Kwenye barafu iliyopondwa kikasoma sufuri kamili. Ndipo nikakumbuka naishi wapi: karibu mita 1,500 juu ya bahari, ambako maji huchemka mapema.

Kupima kwenyewe hakukutaka mashine. Jeli nilimimina kwenye chupa nyembamba ya dawa, juu yake nikaweka gololi ya beringi ya baiskeli, chupa nikaisimamisha kwenye sufuria ya maji. Makala niliongeza moja moja ili joto lipande kama nyuzi moja kwa dakika. Gololi ikizama, jeli imeyeyuka. Wakati wa kupoza niliinamisha chupa: isipomwagika, imeganda.

Iliganda kwenye 37. Kurudi juu, nikaingoja 37, 40, 45, gololi imetulia kama mzee kwenye kiti chake. Ilizama kwenye 53. Nikakisingizia kipimajoto tena! Nikaazima kingine, nikarudia mara tano, nambari zilezile. Kumbe jeli hii ina milango miwili. Ikipoa, minyororo ya polima husokotana miwili miwili kama kamba, halafu potasiamu huzifunga kamba hizo matita matita. Kufungua matita kunataka joto zaidi kuliko lile lililoyafunga. Agari, nayo ya mwani, inazidi: huganda chini ya 40 lakini huyeyuka kwenye 85 hivi.

Chupa niliyoitilia maji ya majivu maradufu iliganda kwenye 45 na kuyeyuka kwenye 62. Niliyeyusha na kugandisha ileile mara nane, gololi ikizama palepale, kabla Mama hajaidai sufuria yake.