Reale ya bibi iliporudi Günzburg

Bibi yangu alikuwa na reale ya Sham, sarafu kubwa ya fedha ya zamani, imetiwa kitanzi na sonara wa Mji Mkongwe, akiivaa shingoni siku za harusi tu. Yule mama mnene mwenye ushungi aliyechorwa juu yake alikwisha lika pua. Bibi alitufundisha kuijua reale ya kweli: pitisha ukucha ukingoni usikie maandishi, kisha hesabu lulu za kile kipini cha begani. Zisipotimia tisa, rudisha ulikoitoa.

Herufi mbili chini ya kifua, S.F., hakuna nyumbani aliyejua ni za nani. Nilikuja kujua nilipokuwa Augsburg, Ujerumani: Schöbl na Faby, wakuu wa kiwanda cha kupigia sarafu cha Günzburg, mji mdogo kando ya mto Danube. Leo watoto wa Kijerumani wanaujua kwa Legoland, bustani ya michezo. Karne ya 18 ulikuwa mji mkuu wa Burgau, kijimbo cha Wahabsburg, ukoo uliotawala Austria, kilichobanwa katikati ya mabwana wengine wa Swabia, kusini mwa Ujerumani. Matajiri wa Augsburg walipeleka madini ya fedha, Günzburg ikapiga reale, zikashuka hadi bandarini, Bahari ya Shamu, Uarabuni, mpaka kwetu. Maria Theresa, mtawala wa Wahabsburg na ndiye yule mama wa kwenye reale, alipofariki Novemba 1780, wanunuzi wa Mashariki hawakutaka sura nyingine. Basi marehemu akaendelea kupigwa, mwaka ukiwa ule ule 1780. Kiwanda kilifungwa 1805, Burgau ilipochukuliwa na Bavaria.

Jumamosi moja nikapanda treni, reale mfukoni, kama ninayempeleka mzee kwao. Nilisimama mbele ya jengo la zamani la kiwanda, nikaitoa, nikaiona haya kidogo, nikairudisha.

Wakati wa kurudi nikapita duka moja la sarafu. Mzee mwenye duka akaiweka chini ya lenzi, akautazama mkia wa tai aliye upande wa pili, akaguna. Hii haikutoka Günzburg, akasema. Wengine waliorithi kazi, Vienna na hata London katika karne iliyopita, waliziacha herufi S.F. palepale, ingawa wenyewe walikwisha oza zamani. Yangu ni ya juzi. Na hicho kitanzi, akaongeza akikigusa kwa ncha ya kalamu, kimeiharibu. Atanipa bei ya fedha kwa uzito, gramu 28 hivi, tena si fedha tupu.

Nikampigia mama mdogo Unguja, nikamweleza yote, Schöbl, Faby, London. Alinyamaza kidogo.

"Umezihesabu lulu?"

"Nimezihesabu."

"Ngapi?"

"Tisa, mama mdogo."

"Basi huyo mzee anataka kuinunua rahisi. Ilete kabla ya Shaabani, tuna harusi."