Sehemu ya Tano

Bwana asifiwe, wapendwa. Mahindi yameshaingia nyumbani, malori ya wanunuzi hayakauki kati ya Urambo na Kaliua, na wiki nzima Mwanzo 41 imenikalia moyoni. Ndoto za Farao tunazihubiri sana, mstari wa 48 tunauruka. Yusufu alishauri itengwe sehemu ya tano ya mavuno (mstari wa 34), yaani gunia moja katika kila matano, na pale kwenye 48 aliweka katika kila mji chakula cha mashamba yaliyouzunguka. Hakurundika vyote mlangoni kwa Farao.

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula tunao, tuuombee. Lakini vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya ngano na mbolea mwaka 2022, hata sisi tulio mbali tuliionja. Ghala la serikali ni la kuokoa waliokwama. Halikujengwa kwa ajili ya mtu aliyeuza mpaka mbegu.

Chukua nyumba iliyovuna magunia 15 ya kilo 100. Sehemu ya tano ni magunia 3. Watu sita, kila mmoja kilo 12 kwa mwezi, wanakula kilo 72. Magunia hayo matatu yanawavusha Desemba hadi Machi, miezi ile ile tunayojaza madhabahu kwa maombi ya chakula.

Na hapa niseme kwa ukali kidogo. Wengine wanatenga, kisha akiba inaharibikia ndani huku wamefunga na kuomba. Dumuzi hakemewi kwa jina la Yesu halafu akaachiwa magunzi! Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na alipoingia Afrika ni hapa hapa Tabora alikoanza kusumbua, karibu na mwaka 1980. Mahindi yaliyo kwenye magunzi ndiyo anayoyashambulia zaidi, na makopa ya muhogo hayaachi. Basi pukuchua mapema, pepeta, choma takataka za msimu uliopita.

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kisha pima: chupa kavu yenye kifuniko, mahindi theluthi moja, chumvi kavu vijiko viwili au vitatu. Tikisa dakika chache, acha dakika 15. Chumvi iking'ang'ania ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Isipong'ang'ania, bado ongeza jua, maana mfuko usiopitisha hewa unataka kama asilimia 13. Ukifungia unyevu humo umefungia kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika ugali. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Mfuko wenyewe una tabaka tatu. Kagua mbili za ndani kama zina tundu, jaza, kandamiza hewa itoke, sokota shingo, kunja, funga kila tabaka peke yake. Wadudu watakufa kwa kukosa hewa, dawa haihitajiki. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, panya wasipate maficho. Kinachoharibu kazi yote ni kufungua kila siku kuchota debe moja. Fungua gunia moja, limalize, ndipo uguse la pili.

Mithali 11:26 inamlaani azuiaye nafaka, najua. Huyo ni anayengoja jirani aumie ili apandishe bei. Chakula cha watoto wako si ulanguzi, na mume asikiuze bila mkewe kujua.

Jumapili baada ya ibada kila nyumba ilete chupa kavu na konzi mbili za mahindi yake. Chumvi itakuwepo.