Jiko moja la mkaa kwa jioni nzima

Jua la Tanga huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 mwaka mzima, basi jioni yangu naipanga kwa kuhesabu nyuma kutoka adhana ya magharibi. Mkaa nauwasha saa moja kabla. Madirisha nayafunga nusu saa kabla. Watu wakitoka kuswali, kahawa iwe imeshatulia ndani ya dele, yaani birika la kahawa. Nimeufikia mpangilio huu kwa kujaribu mara nyingi, na sasa jiko moja tu linanitosha kwa kahawa na udi.

Hapa Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga, baraza ndilo mahali pazuri kuliko pote saa hizo. Kuta na bati zimeshiba jua mchana kutwa, na ndani joto haliondoki mpaka saa 3 usiku. Saa 10 alasiri, upepo wa baharini ukiwa bado unavuma, namwagia baraza nusu ndoo ya maji na kuyasambaza kwa ufagio. Maji yakikauka yanaondoka na joto la sakafu. Ukichelewa mpaka upepo umelala, hayakauki. Utakalia mkeka wenye unyevu na fukuto juu yake.

Mkaa nachagua wa mti mgumu: mzito mkononi, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kama vigae. Ule mwepesi unarusha cheche na kwisha mapema. Nauwasha uani, wala jiko siliingizi chumbani hata mvua ikinyesha, kwani hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini. Nasubiri dakika 20 hadi 25, makaa yavae jivu jepesi la kijivu. Kabla ya hapo moto unaruka-ruka, na kahawa inataka moto mtulivu.

Kwa watu wanne natia lita 1 ya maji kwenye dele. Tangawizi kavu, kipande cha urefu wa kidole gumba, naiponda kwenye kinu pamoja na punje 5 za iliki (zinazotoka Amani, milima ya Usambara, zina harufu kali, 3 zinatosha). Viungo vinachemka na maji kwa dakika 5. Ndipo natia kahawa iliyosagwa laini, vijiko 6 vya chakula vilivyojaa. Hapa macho yasibanduke: povu linapanda ghafla na kumwagika, likizima makaa. Likifika shingoni naliinua dele, linashuka, narudisha. Mara tatu, basi. Kinachoharibu kahawa za wengi ni kuiacha itokote robo saa kwa kudhani inakolea, kumbe inazidi uchungu na kupoteza harufu. Baada ya mara ya tatu naliweka dele pembeni ya jiko dakika 7 bila kulitikisa, mashapo yazame. Kumimina ni polepole, vikombe vidogo, kisha dele linarudi palepale bila kuinamishwa tena ovyo. Naacha kunywa saa 1 ikipita kidogo, maana kahawa hukaa mwilini saa nyingi na usingizi ukikatika, raha yote ya jioni imekwenda.

Kahawa chungu haikai bila kashata. Naipika siku moja kabla: nazi iliyokunwa vikombe 2, sukari vikombe 2, maji nusu kikombe, iliki na chembe ya chumvi. Nazi naikaanga kwanza bila mafuta dakika 5, kwa sababu maji yake ndiyo yanayofanya kashata isigande. Sukari na maji vinachemka mpaka tone lake, ukilidondosha kwenye maji baridi, linakuwa kidonge laini. Natia nazi na kusonga mpaka mchanganyiko uachane na sufuria, naumimina kwenye sinia lililopakwa mafuta na kuukata ungali moto. Ukitoa mapema utapata kitu cha kunata. Ukichelewa, kisu kinapasua vipande ovyo.

Mbu ndio wanaovunja baraza nyingi. Kufunga madirisha kabla ya magharibi kunawazuia wasiingie vyumbani, ila nje dawa yangu ni feni ndogo inayopuliza miguuni, chini ya kiti. Mbu ni mdogo, hawezi kushindana na upepo. Mapipa na ndoo za maji navifunika, na kila wiki navimwaga na kuvisugua ndani, kwani yai la mbu linahitaji siku 7 hadi 10 hivi kuwa mbu anayeruka. Taa ya nje naweka ya manjano. Nyeupe inaita wadudu, na siku za kumbikumbi nazima kabisa.

Sauti naipunguza mpaka mtu wa pili aweze kuzungumza bila kunyanyua yake. Taarabu ya zamani ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapahapa Tanga, inafaa sana kwa sauti ya chini, kwa kuwa gitaa zake hazikupigii kelele.

Saa 2 makaa yamebaki machache, yamefunikwa na jivu. Huo ndio wakati wa udi, sio kabla. Natoa kaa moja kwa koleo, naliweka kwenye chetezo, chombo cha kufukizia, na kutia kipande cha udi cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kaa jekundu linauunguza udi, ukapata harufu ya kitu kilichoungua. Kaa lenye jivu linaupasha tu, na moshi unatoka mwembamba, mweupe. Chetezo kinapita kila chumba dakika 3, mlango ukiwa wazi, kisha kinarudi uani.

Mashapo ya kahawa nayamwaga kwenye shina la asumini. Dele nalisuuza kwa maji moto matupu, maana harufu ya sabuni ikishaingia shingoni utaionja kesho.